Vyuo vya kiraia navyo hulea maofisa
Mwandishi wa makala moja niliyoisoma anauliza kwa nini Marekani iendelee kuwafundisha uofisa wanafunzi wa vyuo vya kiraia ilhali inacho chuo cha kijeshi cha West Point. Naomba kutofautiana naye. Mpango wa ROTC, yaani mafunzo ya uofisa yanayotolewa ndani ya vyuo vya kiraia, uliowekwa kisheria mwaka 1916, hulipatia jeshi la nchi kavu maofisa wengi kuliko West Point, na ndiko alikotoka Colin Powell, aliyehitimu jiolojia City College ya New York mwaka 1958, akaanza na cheo cha luteni usu na kupanda hadi kuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi mwaka 1989. Kadeti, yaani mwanafunzi wa mpango huo, hurauka alfajiri kwa mazoezi ya viungo, kisha huketi darasani na wauguzi, walimu na wahandisi watarajiwa, ambao hawalazimiki kumpigia saluti wala kukubaliana naye. Mazoea hayo ya kujadiliana na raia kwa hoja, kwa maoni yangu, hayapatikani kwenye uwanja wa gwaride. Kinachonitia wasiwasi ni ufadhili: anayelipiwa karo hujifunga kulitumikia jeshi kwa miaka kadhaa akiwa bado kijana mdogo, na sisi wazazi wahamiaji tunapaswa kuusoma mkataba huo pamoja naye, kifungu kwa kifungu, kabla hajatia saini.