Adamu hakuwa na suruali

Bora niseme mwenyewe, maana yule rafiki yangu asiyewekeka siri ameshasambaza kwenye magrupu, na chumvi kaimwaga gunia zima. Eti nimemvua Adamu suruali. Suruali ipi, jamani?

Ni yale maonyesho ya uumbaji ya vijana wa kanisa, hapa hapa Mtwara. Kiongozi wao kaona video ya lile jumba la makumbusho la Kentucky, Marekani, lililofunguliwa 2007, ambako dinosaria wanaishi na binadamu bustanini na dunia ina miaka kama 6,000 tu. Akasema na sisi tusikose. Ukumbi ukagawanywa kwa mapazia, siku ya kwanza hadi ya sita. Dinosaria akashonwa kwa magunia ya korosho, shingo mianzi.

Mimi Mwislamu, nimealikwa, nimekwenda na swali langu. Mnyama mwenyewe si wa kwetu? Wajerumani walimchimba Tendaguru, Lindi, kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakabeba mifupa hadi bandarini, na leo kasimama Berlin, kimo kinapita mita 13. Wataalamu wanampa miaka kama milioni 150. Nikasema leo watanijibu. (Mnaonijua, mnajua nilivyokuwa nimetuna.)

Siku ya kwanza ni giza tupu. Msimulizi akanguruma, "Iwe nuru!" Kimya. Akarudia, "Iwe nuru!" Mtoto mmoja akauliza, "Mama, luku imeisha?"

Umeme ulikuwa umekatika. Joto lile la Mtwara mnalijua. Nikaanza kupapasa mapazia nitafute mlango.

Sasa twende polepole, hapa ndipo nilipofia. Mguu ukanasa kwenye kamba. Kitu kirefu, chenye manyoyamanyoya, kikanilalia mgongoni taratibu kama mtu anayenisalimia. Nikapiga bismillahi iliyosikika hadi barabarani, nikadaka cha kwanza kilichokuwa mbele yangu. Kibichi, baridi, majani matupu. Nikashukuru: mti. Mti ukasema, "Kaka, achia."

Nyie, mti ukikusemesha gizani unaachia? Mimi nilikaza.

Jenereta likawaka. Niko siku ya sita, shingo ya dinosaria begani, majani ya mgomba yote mikononi mwangu, na mbele yangu baba wa wanadamu kasimama na bukta ya Simba. Hawa kacheka mpaka kakalia tunda. Mama Mchungaji, kiti cha mbele, kamfumba macho mjukuu. Ya kwake kayaacha wazi.

Nikaomba radhi, nikarudisha majani, nikatokea dirishani. Swali sikuuliza.

Asubuhi hii shangazi kapiga kutoka Lindi: kasikia nimebatizwa. Nikamwambia hapana shangazi, nilianguka tu.

"Ndivyo wanavyoanza, mwanangu. Wanaanguka kwanza."