Mauzo ya mchuuzi hayapimwi kwa maoni yake

Kichwa cha tasnifu ya uzamivu kama “Athari za fedha za simu kwa utendaji wa biashara ndogo jijini Kisumu” hakina ubaya wowote. Ubaya huanza kwenye hojaji. Mchuuzi anaulizwa, kwa kipimo cha 1 hadi 5, kama simu inamrahisishia kazi. Mistari kumi chini anaulizwa kama biashara yake imekua. Mtu yuleyule, dakika ileile, kalamu ileile. Aliyeamka vizuri atatia 4 na 5 kotekote, aliyechelewa kupata mzigo atatia 2. Kompyuta itatoa uhusiano mkubwa, na sura ya nne, ile ya matokeo, itasema teknolojia imeinua biashara. Kilichopimwa hapo ni hali ya moyo ya mama wa watu.

Nadharia ya Fred Davis ya mwaka 1989, ambayo karibu kila pendekezo la utafiti huitaja, inaeleza kwa nini mtu hukubali programu: anaiona ina faida kwake na haimsumbui kuitumia. Faida ya duka haimo humo. Alfa ya Cronbach ikipita 0.7 nayo haikuokoi, maana inaonyesha tu kwamba maswali yako yanasikilizana, wala si kwamba majibu ni ya kweli. Na fomyula ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, ile inayokupa watu 286 kati ya 1,000 kwa kosa la 0.05, inataka uwe na orodha ya hao 1,000 ili uchague kwa bahati nasibu. Wanaotandaza bidhaa chini pale soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili wako kwenye daftari la nani?

Kwa maoni yangu, uzamivu unaounganisha teknolojia na usimamizi wa biashara unafaa kusimama juu ya miamala. Wachuuzi 60 wakifuatwa wiki 26 wanakupa mistari 1,560 ya mauzo ya wiki, na ukisoma Chuo Kikuu cha Maseno, soko la Luanda liko jirani kabisa. Ila usijidanganye kwamba una sampuli ya 1,560. Wiki za mchuuzi mmoja hufanana. Ufanano huo ukiwa 0.4 kwa kipimo cha 0 hadi 1, kizidisho cha makundi (design effect) ni 1 + 25 × 0.4, ile 25 ikiwa wiki 26 kasoro moja, yaani 11, na data yako ina uzito wa mistari huru kama 142 hivi. Mwambie mapema mtakwimu wako akokotoe makosa kwa kundi la kila mchuuzi. Asipofanya hivyo, hata kelele tupu zitaonekana ushahidi.

Taarifa ya M-Pesa yenyewe ina mitego. Ukiifungua ile PDF utakuta namba ya risiti, saa, maelezo, hali ya muamala, zilizoingia, zilizotoka na salio. Safu ya zilizoingia si mauzo. Humo mna karo aliyotumiwa na kaka yake, zamu yake ya chama cha akiba, mkopo wa Fuliza wa M-Pesa, na pesa zilizotumwa kimakosa kisha zikarudishwa. Kwa upande mwingine, mteja akiambiwa “tuma kwa hii namba yangu ingine” kukwepa ada, mauzo halali yanakosekana. Kaa na mchuuzi kila wiki mtie alama mstari kwa mstari: mauzo, nyumbani, mkopo, marejesho. Ukingoja mwezi uishe hatakumbuka ile 850 ya Jumanne ilikuwa ya nini. Majina ya wateja yafutwe kabla faili haijaingia kwenye kompyuta yako. Mchuuzi amekupa idhini, mteja wake hajakupa, na Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamlinda huyo pia.

Pesa taslimu ziandikwe pembeni, siku kwa siku. Hapa ndipo tasnifu nyingi huteleza bila hata kujua. Tuseme wiki ya kwanza mchuuzi aliuza 12,000 taslimu na 3,000 kwa simu. Wiki ya ishirini ni 6,000 na 9,000. Malipo ya simu yameongezeka mara tatu, lakini mauzo ni 15,000 vilevile. Pesa imehama mfuko tu.

Halafu kuna Ziwa Victoria. Uvuvi wa omena, yaani dagaa, hufungwa Aprili hadi Julai. Ukiwapa wauza omena programu ya kuweka hesabu Februari na kupima hadi Julai, programu italaumiwa kwa samaki ambao hawakuvuliwa. Ukianza Juni na kumaliza Novemba, itasifiwa bure. Wagawe wale wachuuzi 60 mafungu matatu ya watu 20, kila fungu lipewe programu kwa zamu: wiki ya 5, ya 11 na ya 17, na zamu zipangwe kwa kura. Ambao hawajapewa ndio kipimo cha msimu. Utafiti wa nguo au nyanya kule Nakuru hauna kufungwa kwa ziwa, lakini una Januari ya karo, na Januari haina huruma.

Wasimamizi ni shida ya aina yake. Wa kompyuta anataka mfumo uliojengwa, wa biashara anataka nadharia tete zilizopimwa, na mwanafunzi anaandika tasnifu mbili kwa bei ya moja. Waombe waandike ukurasa mmoja, wautie sahihi: mchango mpya ni upi, na mfumo ni chombo cha kupimia au ndio kazi yenyewe. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, ni cha mwaka mmoja, basi usikiombe kabla idhini ya maadili haijatoka na vifaa havijawa tayari.

Kabla ya kutetea pendekezo, chukua wachuuzi 6 na taarifa zao za wiki 4. Hesabu mistari ya miamala ambayo wewe na mchuuzi mmeshindwa kuitambua. Ikizidi mmoja kati ya kumi, shida iko kwenye namna unavyokusanya, na kuongeza wachuuzi hakutaiondoa.