Kutoa vinasaba kwa utafiti wa ini lenye mafuta: nani hufaidika?

Anayeombwa kushiriki utafiti wa vinasaba kuhusu ini lenye mafuta huambiwa ni jambo dogo: mate kidogo kwenye kichupa au damu ya mkononi, dodoso, kisha saini. Kwa upande wa mwili ni kweli, ilimradi hakuna kipande cha ini kinachotolewa kwa sindano. Uzito wa uamuzi uko kwingine.

Hoja ya kukubali ina nguvu. Mwaka 2008, utafiti uliofanywa kwa wakazi wa Dallas, Marekani, ulionyesha kuwa badiliko moja kwenye jeni ya PNPLA3 huendana na mafuta mengi kwenye ini, hata unene, kisukari na pombe vikishazingatiwa. Ikaanza kueleweka kwa nini kati ya watu wawili wenye uzito sawa, mmoja huugua ini na mwenzake akabaki mzima. Mwaka 2018, uchunguzi wa watu zaidi ya 46,000 ukaleta habari ya kinyume: badiliko linaloidhoofisha jeni ya HSD17B13 linaelekea kumkinga mtu dhidi ya madhara makubwa ya ini. Dawa za kuizima jeni hiyo sasa zinajaribiwa. Hayo yasingeonekana bila wagonjwa wengi, na bila watu wenye afya njema wa kulinganishwa nao, ambao kwa kawaida ndio hujiuliza wanatakiwa kwa kazi gani. Tena, data nyingi za vinasaba zilizopo ni za watu wenye asili ya Ulaya; wengine wakijitenga, majibu yatazidi kuwafaa hao hao.

Mshiriki mwenyewe, je? Mara nyingi hapati kitu. Tafiti nyingi hazirudishi majibu, na hata ukiambiwa unayo PNPLA3 yenye badiliko, ushauri ni ule ule: punguza uzito, achana na pombe, dhibiti sukari. Hatari ni mtu kuona ameshaandikiwa ugonjwa, ilhali athari ya jeni hiyo hukua kadiri uzito unavyoongezeka, kwa hiyo yeye ndiye mwenye sababu zaidi ya kuupunguza.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni faragha. Nywila ikivuja hubadilishwa, vinasaba havibadilishwi. Jina likifutwa, bado haitoshi: mwaka 2013 watafiti waliweza kuwatambua baadhi ya watu waliotoa vinasaba bila majina, kwa kuvioanisha na kumbukumbu za koo zilizo wazi mtandaoni. Na watoto na ndugu zako, wenye sehemu ya vinasaba hivyo hivyo, hawakusaini chochote. Sheria nazo zina mianya: ile ya Marekani ya mwaka 2008 inawabana waajiri na bima ya afya, lakini haigusi bima ya maisha. Kampuni ya kupima vinasaba ya 23andMe ilipoomba kinga ya ufilisi mwaka 2025, data za wateja wake zikawa miongoni mwa mali za kuuzwa. Hiyo ni biashara, si utafiti wa hospitali wenye kamati ya maadili, ila wengi wa wateja hao walikuwa wameridhia kutumika kwa utafiti.

Naegemea kukubali, baada ya kuuliza nani atatunza sampuli, kampuni gani zitaiona, na ukijitoa itakuwaje. Sampuli yaweza kuteketezwa. Matokeo yaliyokwisha kuchapishwa au kugawiwa watafiti wengine hayarudi. Fomu inayolisema hilo waziwazi naiamini kuliko inayoishia kuahidi kuwa utajitoa wakati wowote.