Viti saba, na hakuna kiti kikubwa

Jioni ya tarehe 30 Desemba 2007 mama alikuwa anakanda unga wa chapati, sisi tukiwa mbele ya runinga pale Eldoret. Matokeo ya urais yakatangazwa. Unga ule ulibaki kwenye karai. Siku chache baadaye tulikuwa tunalala uwanja wa maonyesho pamoja na maelfu ya wenzetu, na hadi mapatano yanatiwa saini, Wakenya zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa katika ghasia za uchaguzi ule.

Leo naishi Bern, Uswisi. Kila Desemba wabunge 246 hukutana hapa na kumchagua mmoja kati ya mawaziri saba awe rais kwa mwaka mmoja tu. Anaendelea na wizara yake, anaongoza vikao, mwaka ukiisha anampisha mwenzake. Hakuna anayejaza unga na mafuta nyumbani kabla ya siku hiyo, wala anayekimbilia ushago.

Mtaniambia Uswisi ni tajiri na watu wake ni watulivu. Hawakuzaliwa watulivu. Mwaka 1847 walipigana wenyewe kwa wenyewe, majimbo ya Wakatoliki na yale ya Waprotestanti, na baraza hili la watu saba likaja na katiba ya 1848, vidonda vikiwa bado vibichi.

Kinachoniuma ni kwamba wazo hili lilitufikia. KADU, chama kilichotaka Kenya ya majimbo, walipokwenda London mwaka 1962 kujadili katiba, walikuwa na mshauri wa sheria kutoka Uswisi. Tukapata majimbo saba pamoja na Nairobi, lakini kule juu tukaacha kiti kimoja. Novemba 1964 KADU ikavunjwa, Desemba tukawa jamhuri yenye rais mmoja.

Nimewahi kulipanga baraza letu la 1964 mara nyingi kichwani. Kenyatta wa Kati, Odinga wa Nyanza, Ngala wa Pwani, Muliro wa Magharibi, Moi wa Bonde la Ufa, Ngei wa Mashariki. Cha saba nampa mtu wa Kaskazini Mashariki, jimbo lililosusia uchaguzi wa 1963 na kuishia kwenye vita vya Shifta, vya kutaka kujitenga na Kenya. Mboya, mbunge wa Nairobi, ndiye ananikosesha usingizi, maana viti vimekwisha. Labda tungeongeza cha nane. Mwaka 1966 Odinga hangekuwa na haja ya kujiuzulu umakamu wa rais, kwa sababu hakuna mwenye uwezo wa kumsukuma nje. Ugomvi wake na Kenyatta ungebaki mezani. Na mwaka 1969, Mboya alipouawa: nani angeogopa kwamba atarithi kiti, ikiwa hakuna kiti cha kurithi?

Baraza lina ubaya wake, na nausema. Linakwenda polepole mno. Nyanya yangu alipiga kura 1963; wanawake wa Uswisi walisubiri kura ya kitaifa hadi 1971. Mimi mwenyewe nalipa kodi hapa na sina kura. Na ile serikali yetu ya muungano ya 2008, ya nusu mkate, ilionyesha kwamba kugawana vyeo bila kugawana mamlaka ni kuhamishia vita ofisini. Lakini bado naamini kilichotufukuza nyumbani usiku ule hakikuwa kabila la jirani. Ilikuwa hofu ya kukosa kila kitu kwa miaka mitano kwa sababu ya mtu mmoja.

Januari nilimtumia baba picha rasmi ya baraza. Dukani kwake imetundikwa picha ya rais, kama ilivyo katika kila duka pale mtaani. Akapiga simu.

“Mwanangu, mkubwa ni yupi hapa?”

Nikamwonyesha.

“Na mwaka ujao?”

“Ni mwingine, baba.”

“Huyu wa sasa ataenda wapi?”

“Haendi popote. Atabaki hapo hapo na wenzake.”

Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimtumie tena ikiwa kubwa zaidi, azione nyuso zote.