Menyu ya kubofya kulia: iwe fupi, au isihame?

Katika duka letu la kuchapa na kutoa fotokopi huku Nsambya, Kampala, mteja akifika na flashi anachotaka ni kimoja: faili yake ipatikane, ichapwe, aende zake. Lakini flashi nyingi ni msitu. Kuna folda ndani ya folda, na faili tatu za jina moja zikitofautiana kwa tarakimu ya mwisho. Binti anayejifunza kazi kwetu anatoka Bukavu. Kiswahili na Kifaransa anavimudu, Kiingereza bado anakitafuta. Hata hivyo alizoea haraka kompyuta zetu za Windows 10, ingawa maneno mengi ya ile menyu inayotokea ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya hayajui. Nilipomuuliza anafanyaje, alinionyesha kwa kidole kwenye kioo: kunakili kuko hapa, kufuta kuko hapa, kubadili jina kuko chini yake. Alikuwa ameshika mahali, wala si neno.

Kisha ikaja mashine moja yenye Windows 11. Siku ya kwanza tu aliniita: "Kaka, kunakili kumehama."

Walioihamisha walikuwa na sababu, na ni sababu nzito. Menyu hii ilienea duniani kupitia Windows 95, na tangu hapo kila programu iliyowekwa kwenye kompyuta imejipatia mstari wake humo: ya kubana mafaili, ya kuzuia virusi, ya kuchezea video. Nimeona menyu iliyogusa ukingo wa juu wa kioo na wa chini. Microsoft walipoeleza mabadiliko hayo mwaka 2021, walisema wazi kwamba menyu ilikuwa imekua bila mpangilio kwa miaka mingi, amri zinazotumika zaidi zikawa mbali na kishale, na programu nyingine zilikuwa zikiilemea programu ya mafaili yenyewe. Kwa hiyo waliifupisha. Kukata, kunakili, kubandika, kubadili jina na kufuta vikawa vialama vidogo kwenye mstari mmoja karibu na kishale, na mengine yakaenda nyuma ya kitufe cha kuonyesha chaguo zaidi.

Hesabu ya mwendo wa mkono inawaunga mkono. Mwanasaikolojia Paul Fitts alionyesha mwaka 1954 kwamba muda wa kufikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake: kilicho karibu na kikubwa hufikiwa upesi. Ukitumia kipanya chepesi juu ya meza yenye vumbi, au kile kibao cha kugusa cha laptopu ya bei nafuu ambacho kubofya kulia kwake kunataka vidole viwili vishuke pamoja, sentimita tano si jambo dogo.

Tatizo ni neno "karibu". Kishale kikiwa juu ya kioo, menyu hufunguka kwenda chini na mstari wa vialama unakaa juu. Kikiwa chini, menyu hufunguka kwenda juu na vialama vinakuwa chini. Mkono umehurumiwa, kumbukumbu imeachwa njiani. Anayesoma kila neno hasumbuki sana, maana macho yatalitafuta. Lakini aliyejifunza kwa mahali analazimika kuanza upya kila anapobofya, tena mbele ya vialama ambavyo mwanzoni havikuwa hata na maandishi chini yake. Maandishi yaliongezwa kwenye toleo la 2024, na naliona hilo kama kukiri kwamba ufupi ulikuwa umepitiliza.

Upande wangu naujua. Kati ya menyu fupi inayohama na ndefu iliyotulia, nachukua iliyotulia. Mtu hubofya kulia mamia ya mara kwa siku, na kinachompa kasi ni kule kutofikiri.

Swali gumu zaidi ni la kusafiri: je, menyu hii itumike kufanyia kazi faili uliyoishika tu, au ikupeleke pia mahali pengine? Haiku, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta uliorithi ule wa zamani wa BeOS, umelijibu kwa ujasiri. Unabofya kulia kwenye folda, jina lake linatoa menyu ya vilivyomo ndani, folda za humo nazo zinatoa menyu zao, hadi unafika kwenye faili bila kufungua dirisha hata moja. Dolphin, programu ya mafaili ya KDE inayotumika kwenye Linux, mfumo huria mwingine, nayo inaweza kuwekewa amri za kunakili na kuhamisha zinazokupitisha hivyo hivyo kwenye mti wa folda. Kwa mwenye mkono mtulivu ni raha tupu, na kioo hakijai madirisha.

Lakini menyu ndani ya menyu ni njia nyembamba. Watafiti Johnny Accot na Shumin Zhai walipima jambo hili mwaka 1997: kadiri njia inavyokuwa ndefu na nyembamba, ndivyo kishale kinavyochelewa ndani yake. Ukiteleza kidogo juu au chini ya mstari, menyu uliyoifungua inafungwa na nyingine inafunguka. Flashi ya mwanafunzi ina ngazi tano: mwaka, muhula, somo, utafiti, sura. Nimemwona binti akifika ngazi ya nne, kipanya kikaruka, akarudi mwanzo huku mteja akitazama saa. Ngazi mbili zinatosha, baada ya hapo dirisha lifunguliwe.

Kuna mtego mwingine ambao wabunifu hawauzungumzii vya kutosha. Menyu ya kubofya kulia juu ya folda si ile ya kubofya mahali patupu, ingawa kwa macho zinafanana. Kubandika juu ya folda hupeleka faili ndani yake, kubandika patupu huiacha hapo ulipo. Sasa folda ikijaa na mafaili yamepangwa kama orodha, patupu ni wapi? Mstari wa jina unatandaa hadi ukingoni. Tuliwahi kuhangaika kutafuta barua ya mteja iliyokuwa imebandikwa ndani ya folda ya picha za harusi, kwa sababu kishale kilikuwa kimeegemea jina hilo. Menyu ingetaja jina la folda inayopokea, lisingetokea.

Mstari mmoja wa kusafiri naomba usiondolewe kamwe: ule wa kufungua mahali faili ilipo. Mteja akikumbuka neno moja la jina, unatafuta, unaipata, na mara nyingi anazohitaji nyingine zimelala jirani yake. Wa pili ni kufungua folda kwenye kichupo kipya, yaani ukurasa mwingine ndani ya dirisha lile lile, ambao Windows iliupata mwaka 2022 vichupo vilipofika, ilhali Linux ilikuwa nao kitambo.

Wanaotaka usafiri ukae nje ya menyu kabisa, kwenye pau na vitufe vinavyoonekana, nawaelewa. Kilichofichwa nyuma ya kitufe cha kulia hakijulikani kwa anayeanza, na Apple kwa miaka mingi wamewaagiza watengenezaji kwamba kila kilichomo kwenye menyu hii kipatikane pia mahali pengine. Nakubali. Hilo ni sharti la kuweka njia ya pili, wala haliifungi ya kwanza.

Kwenye kompyuta ya zamani iliyo nyuma ya kaunta tumeweka Linux yenye Thunar, programu ya mafaili ambayo inakuruhusu kuandika mistari yako mwenyewe kwenye menyu ya kubofya kulia. Tumeongeza miwili kwa Kiswahili: "Nenda kazi za leo" na "Fungua folda ya juu". Tangu tuiweke haijahama. Asubuhi binti hukimbilia kiti hicho kwanza, na sasa ameniomba tuongeze mstari wa tatu.