Kodi ikichelewa, sulhu peke yake haitoshi

Masika yakiingia, hoteli nyingi za Nungwi, Paje na Kiwengwa, hapa Zanzibar, hupunguza wafanyakazi, na nyengine hufunga kabisa. Mhudumu au mpishi wa msimu hurudi chumbani kwake akiwa na ahadi ya kuitwa tena wageni watakaporudi, wakati mwenye nyumba anasubiri kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Ugomvi wa namna hii tumezoea kuumaliza kwa vyombo kutolewa nje au kwa kupelekana mahakamani. Wanaopendekeza njia nyengine, ya kuwakalisha wawili hao mbele ya msuluhishi na kumsaidia mpangaji kulipa sehemu ya deni, huambiwa kuwa wanawaonea huruma wasiolipa. Lawama hiyo, kwa maoni yangu, imemkosa mlengwa.

Mji wa Philadelphia, Marekani, ulianzisha utaratibu huo mwaka 2020, wakati wa korona: mwenye nyumba hapeleki mahakamani shauri la kodi isiyolipwa kabla ya kupitia usuluhishi, na mpangaji hupewa mshauri wa mambo ya nyumba. Nyuma yake kulikuwa na fedha za serikali kuu, ambayo kwa sheria za Desemba 2020 na Machi 2021 ilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za kusaidia kodi nchi nzima. Zanzibar haina fedha za kiasi hicho, na wanaosema kuwa mfano huo hauigiki wana haki ya kusema hivyo. Lakini tuitazame hesabu ya chumba kimoja cha kwetu.

Tuchukulie chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi, na mpangaji aliyepungukiwa na kodi ya miezi miwili, yaani 300,000. Akitolewa, atatafuta kwengine, na huko ataombwa miezi sita kabla ya kukabidhiwa ufunguo: 900,000. Dalali naye ana chake, ambacho mara nyingi ni kodi ya mwezi mmoja. Kwa hiyo mtu aliyeshindwa kutoa laki tatu anatakiwa atoe milioni moja na hamsini elfu, kabla ya gari ya kuhamishia vitu na kabla ya kuwahamisha watoto skuli. Kwa kuwa hawezi, atajibanza kwa jamaa, na lile deni la laki tatu halitalipwa kamwe. Mwenye nyumba ataipaka chokaa nyumba yake na kukaa na chumba kitupu mwezi au miwili, hasara inayokaribia ile ile aliyokuwa akiikimbia. Sijaona katika hesabu hii nani amepata faida, isipokuwa dalali.

Ndiyo maana nasema kuwa fedha za kulipia sehemu ya deni si sadaka ya mpangaji peke yake. Wenye nyumba wengi wa Fuoni au Kwarara si matajiri. Wamo wajane wanaoishi kwa kodi ya chumba cha uani, na mjane huyo akiambiwa "msubiri" bila ya kushikishwa chochote, anaombwa yeye ndiye atoe msaada. Kwa hilo sulhu tupu inamdhulumu. Sehemu ya deni inapaswa imfikie mkononi mwake moja kwa moja, na iliyobaki ipangiwe awamu zinazofuata msimu wa kazi.

Hofu kwamba wapangaji watazoea kutolipa ni ya kweli, na dawa yake ni msaada wa mara moja kwa mwenye kupoteza kipato, si kwa kila anayechelewa. Hofu nyengine ni nzito zaidi: msuluhishi akiwa sheha, yaani kiongozi wa mtaa, huyo ni jirani, huenda ni ndugu wa mwenye nyumba, na mpangaji aliyetoka Bara anaweza kuhisi kuwa ameshashindwa kabla hajakaa. Makubaliano kwa hiyo yaandikwe, na kila upande uje na shahidi wake.

Fedha zitoke wapi? Aya ya 280 ya Suratul Baqara inaagiza mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na aya ya 60 ya Suratut Tawba inawataja wenye madeni miongoni mwa makundi manane ya zaka. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, inayosimamia zaka, ingeweza kutenga fungu dogo la madeni ya kodi na kulijaribu katika shehia chache za Mjini Magharibi wakati wa masika. Atakayeuliza kwa nini fungu hilo lisiende kwa mayatima au wagonjwa anauliza swali la haki, na jibu langu ni kwamba liwe dogo kweli. Kamisheni yenyewe, hata hivyo, ina nyumba za wakfu inazozipangisha Mji Mkongwe; mpangaji wake akidaiwa, kikao cha sulhu kiendeshwe na mtu asiyetoka kwake.