Kikao cha mwisho kifanyieni shuleni, sio hotelini

Nimerudi kutoka Raskazone usiku huu na nina hasira, naandika kabla haijapoa. Kuna wanafunzi wa chuo kutoka Marekani walikuwa hapa Tanga wanajitolea kwenye shule moja ya msingi nje ya mji, mie ndo mkalimani wao. Kesho asubuhi wanapanda basi kwenda Dar, halafu ndege. Leo ilikuwa jioni yao ya tafakari, wamekaa duara kwenye bustani ya hoteli, kila mtu na daftari lake, na kiongozi anawauliza umejifunza nini, kipi kimekugusa, unarudi nyumbani na nini. Wengine wamelia. Siwalaumu kwa kulia, wametoa jasho kweli, wamebeba kokoto na kuchanganya zege kwenye jua la saa saba ambalo hata sisi wenyewe tunalikimbia.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye lile duara hakukuwa na mtu hata mmoja wa ile shule. Mwalimu mkuu hayupo. Mwenyekiti wa kamati ya shule hayupo. Fundi aliyewafundisha kushika mwiko na kusoma pima maji hayupo, na yule mama aliyewapikia wali wa nazi na samaki kila mchana naye hayupo. Mchana tulipokuwa tunaagana pale shuleni mwalimu mmoja mtu mzima alinivuta pembeni, "Mwanangu, hawa jioni wana kikao cha nini?" Nikamwambia wanafanya tathmini ya safari yao. Akanyamaza kidogo, akasema, "Tathmini ya kazi iliyofanyika hapa kwetu? Sasa sisi tutaambiwa lini?" Nilikosa jibu, na mpaka muda huu sina.

Ngoja niwape mfano mmoja muone kwa nini nasema hivi. Wamefunga mifereji kwenye bati na simtank la kuvunia maji ya mvua, na hicho ni kitu cha maana sana, manake pale maji ni shida, watoto wanatoka nayo nyumbani kwenye madumu. Ila kitako cha tanki kimejengwa kifupi. Koki iko chini mno, ndoo ya lita 20 haiingii chini yake. Juzi nimemuona binti wa darasa la nne hivi, zamu yake ya maji ya vyooni, anakinga kwa kikombe cha plastiki, anamimina kwenye ndoo, anakinga tena, nusu yanaishia mchangani na viatu vyote vimelowa. Fundi alishaliona hilo, ndo kaniambia jana baada ya tanki kujaa na kila mtu kupiga picha. Nikamuuliza mbona hukuwaambia? "Wamekuja na mchoro wao, halafu ni wageni, nitawakatizaje?"

Na hapo ndo penyewe. Sisi watu wa pwani mgeni hatumwambii kitu kibaya usoni, tunamwambia asanteni sana, karibuni tena. Ukitaka la ukweli kwa mtu wa Tanga lazima umkalishe, umuulize kwa heshima, tena umuulize mara ya pili, manake mara ya kwanza atakwambia kila kitu kiko sawa. Kozi mbili tatu za tofali zingetosha kuinua lile tanki. Kwenye duara la leo kuna kijana anasoma uinjinia, kijana mwenye akili na moyo mzuri, angelisikia lile neno la fundi wiki iliyopita angelimaliza siku ile ile. Lakini hakulisikia, hivyo zamu yake ilipofika akasema kilichomgusa ni jinsi watoto wa hapa walivyo na furaha ingawa hawana kitu.

Hawana kitu! Jamani. Yule binti wa ndoo mama yake anaamka alfajiri kukaanga mihogo ya kuuza barabarani ili daftari lipatikane. Watoto walikuwa wanacheka kwa sababu wageni wamekuja na vipindi vimesimama, ni watoto, watacheka. Mama yake angekuwa amekaa pale kwenye duara naamini kabisa yule kijana asingesema vile, na sio kwa aibu, ni kwa sababu angekuwa ameshaelewa.

Tanga tumezoea wageni, si ndo mji wa waja leo waondoka leo. Mjerumani alileta mkonge 1893, ukapandwa Kikogwe kule Pangani, na mwaka huo huo reli ikaanza kujengwa kutoka hapa Tanga, na mwenyeji hakuulizwa. Nisieleweke vibaya, hawa vijana sio wakoloni, wamekuja kwa mapenzi, na ndo maana nawadai zaidi. Mbona inawezekana. Peace Corps, wale Wamarekani wa kujitolea wanaotumwa na serikali yao, walipokuja Tanganyika mara ya kwanza 1961, hata uhuru bado, kundi lile lilikuwa la wapima ardhi, mainjinia na wajiolojia, wamekuja kwa ajili ya barabara kwa sababu ndo kazi iliyoombwa.

Na kwetu huku Usambaani kuna msaragambo. Nilivyouona kwa bibi yangu, watu wanatoka na majembe yao, wanachimba mtaro, na kazi ikiisha wanakaa pale pale mtaroni kwenye matope. Anaongea aliyechimba na anaongea mwenye shamba lililopitiwa na mtaro, mzee anasema hapa mmekosea maji yatarudi, basi kesho wanarudi kupasawazisha. Hakuna kundi linaloondoka kwenda kujitathmini peke yake.

Haya, najua wanahitaji na faragha yao. Kuna mambo huwezi kuyasema mbele ya mwenyeji wako, mtu amemkumbuka mama yake, mtu ameugua tumbo, mtu kagombana na mwenzake wa chumba. Kaeni hotelini usiku mmoja mlie, hakuna anayewakatalia. Hilo la kupiga picha watoto bila ruhusa ya wazazi sitalisemea leo, ila liacheni kabisa.

Lakini kile kikao cha kuulizana tumefanya nini kifanyike shuleni, saa tisa, wazazi na walimu wakiwepo, kwa Kiswahili, na wageni ndo watafsiriwe. Tena kifanyike siku tatu nne kabla ya kuondoka, sio usiku wa kuamkia safari, ili kikiibuka kitu mikono ya kukirekebisha iwe bado ipo. Kundi jingine linakuja Julai, kiongozi wao ameshanipigia, nimemwambia hilo ndo sharti langu, na siku hiyo natafsiri bure. Fundi nimempigia sasa hivi kabla sijaanza kuandika. Kasema atakuja, ila anaomba safari hii mchoro auchore yeye.